Jibu: Nimekosa MD (shahada ya udaktari) dirisha la kwanza, nifanyeje?

Habari mkuu, poleni na baridi huko Njombe. Nimekusoma, umesoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), umeomba MD vyuo vitatu dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo, vyote vimekutema na home wanakusukumia ualimu.

Kwanza kabisa angalia cheti chako cha kidato cha sita, MD wanataka angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja, yaani pointi 6. Kama una E popote hapo hata jumla iwe kubwa hupiti, hiyo usipoteze hela ya fomu. Kama D zote zipo basi umezidiwa ushindani tu, na hapo ndo dirisha la pili lina maana, maana waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja wanathibitisha kimoja tu halafu kwingine nafasi zinaachwa. Dogo wangu hapa Uyole alipata hivyo hivyo, alikuwa anafungua tovuti za vyuo asubuhi na jioni, na hakung'ang'ania Muhimbili, akajaribu na hiki cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) hapa Mbeya, Dodoma, Bugando kule Mwanza. Status za WhatsApp za wenzake alizizima kwanza, zilikuwa zinamnyima usingizi (akina mama wadogo ndo walikuwa wabaya zaidi, kila siku "vipi, majibu?").

Ikigoma kabisa mi ningesoma diploma ya utabibu, ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaomba MD tena. Ualimu kama huupendi achana nao.

Hujaandika matokeo yako, weka hapa tuyaone.