Ukaguzi wa kutu kwenye ndege si hiari

Kuna aliyeuliza kama ukaguzi wa kutu kwenye ndege ni hiari ya mwenye ndege. Hapana ndugu, si mwenye ndege anayeamua kama kutu itakaguliwa. Ukaguzi huo umo kwenye ratiba ya matengenezo ambayo lazima iidhinishwe na mamlaka, kwetu Kenya ni KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na ndege isiyofuata ratiba haibebi abiria. Nasema haya kama fundi wa ndege wa hapa uwanja wa Wilson, Nairobi.

Ukali huu ulikuja baada ya Boeing 737 ya Aloha Airlines kupasuka paa ikiwa angani huko Hawaii, Aprili 1988. Ilikuwa na miaka 19, imeruka karibu mara 90,000 kwenye hewa ya chumvi. Mhudumu mmoja alikufa. Marekani ikaanza kulazimisha mipango ya kudhibiti kutu kwa ndege kuukuu.

Na usitafute ile kutu nyekundu ya mabati. Alumini hutoa unga mweupe, au rangi inafura kama lengelenge. Tunaondoa viti na paneli za sakafu, kisha moja kwa moja chini ya choo na jikoni (hapo ndipo pabaya zaidi, soda na chai iliyomwagika vyote huishia huko).

Ila usiulize "ni baada ya kilomita ngapi" kama gari. Kutu huhesabiwa zaidi kwa miezi na miaka, maana hata ndege iliyoegeshwa inaliwa. Muda wenyewe hutegemea aina ya ndege na sehemu inayokaguliwa, kwa hiyo Caravan (ndege ndogo ya Cessna) ya kwenda Maasai Mara haina ratiba moja na 737.