Maswali ya Wasomaji: Gitea yagoma kwenye klasta

SWALI: Ofisi yetu ya Sinza ina klasta ya k3s (Kubernetes nyepesi, inayoendesha programu kwenye kompyuta kadhaa kwa pamoja) yenye mashine tatu. Tumeweka Gitea (seva ya kutunza msimbo kwa Git) kwa Helm (kisakinishi cha Kubernetes): podi moja (kifurushi cha programu inayoendeshwa), diski ya local-path (folda ya mashine yenyewe), na mlangoni ingress-nginx, inayopokea maombi ya wavuti. Kila tukipandisha toleo, podi mpya inawaka na kuzimika bila kukoma, ya zamani nayo haiondoki. Tena anayesukuma ripo (hazina ya msimbo) kubwa kwa HTTPS anapata kosa 413, yaani ombi ni kubwa mno. Tumekosea wapi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake.

Soma logi ya podi mpya kwa `kubectl logs`. Yaelekea utakuta `unable to lock level db at /data/queues/common`. Foleni za kazi za Gitea zikikaa kwenye LevelDB (hifadhidata ndogo ya kwenye folda), programu moja tu ndiyo inayoweza kuifungua kwa wakati mmoja. RollingUpdate (mtindo wa kawaida wa kupandisha toleo) nayo huwasha podi mpya kabla ya kuizima ya zamani. Local-path imezifunga zote mbili kwenye mashine ileile na folda ileile, kwa hiyo kufuli analo mwenyeji; mgeni anabisha, anafukuzwa, anarudi. Ya zamani haiondolewi mpaka mpya iwe tayari, basi zitasubiriana hadi kesho. Kwenye `values.yaml` (faili ya mipangilio ya Helm) weka `strategy.type: Recreate`, yaani ya zamani izimwe kwanza, `replicaCount` ibaki 1, kisha endesha `helm upgrade`. Huduma itakatika kidogo kila mnapopandisha toleo, hivyo fanyeni jioni watu wakishatoka.

Kosa 413 linatoka kwa nginx, ambayo bila kuambiwa vingine haipokei zaidi ya megabaiti 1. Kwenye Ingress (kanuni za mlango wa klasta) ongeza anotesheni, yaani mstari wa mpangilio, `nginx.ingress.kubernetes.io/proxy-body-size: "0"`, yaani bila kikomo. Wanaokushauri upandishe `http.postBuffer` (mpangilio wa Git) kwenye kompyuta za watumiaji wanatibu mguu ilhali kichwa ndicho kinachouma.

Mkitaka SSH (njia nyingine ya kusukuma msimbo), haipiti kwenye Ingress hiyo ya HTTP. Fungueni NodePort (porti inayofunguliwa kwenye kila mashine), mathalani 30022, na `SSH_PORT` ya Gitea iandikwe hivyohivyo, la sivyo anwani za kunakili ripo zitaonyesha porti isiyo sahihi.

SWALI: Umeme ulikatika, mashine moja ikafa. Podi ya Gitea imebaki Pending (inasubiri kupangiwa mashine) ingawa mashine nyingine mbili ni nzima. Kwa nini haihami?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kwa sababu data iko kwenye diski ya mashine iliyokufa. Local-path hainakili chochote kwenda kwingine. Mkiwa na RAM ya kutosha, Longhorn (mfumo wa diski za klasta) hutunza nakala kwenye mashine kadhaa. Vinginevyo chukueni chelezo kila usiku: `pg_dump` (nakala ya hifadhidata) ya PostgreSQL pamoja na folda ya ripo, vyote viwekwe nje ya klasta. Chelezo ya etcd (hifadhidata ya mipangilio ya klasta) pekee haina hata mstari mmoja wa msimbo wenu. Hifadhini pia `SECRET_KEY` iliyo kwenye `app.ini`; ikipotea, siri za uthibitisho wa hatua mbili hazisomeki tena hata kama hifadhidata ni nzima.