Lori Likichanganya Tena? Maswali Yenu Kuhusu Kutenganisha Taka

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ikaongeza la pili: kuzitenganisha ni juu ya yule aliyezitoa, awe nyumbani au dukani. Maswali mengi mliyoleta yanazunguka hapo.

Natenganisha vizuri, kisha lori linakuja na kumwaga vyote pamoja. Si kazi bure? (Mkaazi wa Likoni)

Si bure, ukijua kipi kisifike kwenye lori. Sheria inamtaka mzoaji naye azibebe zikiwa zimetenganishwa, kwa hivyo una haki ya kumuuliza, hasa ikiwa ni kampuni mnayoilipa kila mwezi. Elewaneni siku mbalimbali, kwa sababu lori lenye chumba kimoja haliwezi kubeba aina mbili kwa safari moja bila kuzichanganya. Kwa joto la Pwani, taka za kuoza zitoke angalau mara mbili kwa wiki. Kavu zaweza kukaa wiki mbili bila kunuka, mradi ziwe kavu kweli. Na chupa, katoni na mikebe mpe mwenye mkokoteni kabla lori halijafika. Yeye hana sababu ya kuchanganya, maana anauza kwa aina.

Ploti yetu ina nyumba 12. Tununue mapipa gani? (Changamwe)

Mafungu ni matatu: za kuoza, kavu, na mabaki yasiyo na mnunuzi kama nepi, pedi na vumbi la kufagia. Msinunue pipa kubwa la kuoza. Maganda na makombo ni mazito. Ndoo ya lita 20 ikijaa yafika kilo kumi, basi pipa la lita 200 litamshinda mtu mmoja. Ndoo kadhaa zenye mifuniko zinafaa zaidi. Kavu zikae kwenye magunia, chini ya paa, kwani katoni iliyonyeshewa hushuka bei au hukataliwa kabisa.

Mifuko je? Tangu 2024, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, imeagiza taka za kuoza zitiwe kwenye mifuko inayooza kabisa tu. Rahisi zaidi ni kutotumia mfuko: tandika gazeti chini ya ndoo, mwaga, suuza. Na vyombo vya mafungu yote matatu vikae mahali pamoja, kila kimoja na chake. Pipa la mabaki likiwa mlangoni na la maganda nyuma ya choo, kila kitu kitaishia mlangoni.

Mnunuzi amekataa gunia langu zima la chupa. Kwa nini? (Mtwapa)

Pindua chupa utazame namba ndani ya pembetatu. Chupa nyingi za maji na soda ni namba 1, mitungi ya sabuni na dawa ya kufulia ni 2, na ndoo nyingi ni 5. Anayenunua namba 1 anaogopa sana namba 3, yaani PVC, plastiki ya mabomba. Plastiki ya namba 1 huyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 250, ambalo namba 3 hailistahimili: huungua, hutoa asidi, na kuacha madoa meusi na umanjano. Chache tu zaharibu mzigo mzima.

Sababu nyingine ni maji. Chupa hununuliwa kwa kilo, na mnunuzi akiona maji ndani huhisi anaibiwa. Mimina, suuza zilizokuwa na maziwa au juisi, kisha fungua kifuniko uikanyage. Ikiwa imefungwa, hewa haitoki na gunia hujaa upepo. Vifuniko weka kando au rudisha, kulingana na mnunuzi. Kiwandani, baada ya kusagwa, vifuniko huelea na plastiki ya chupa huzama, hivyo havimsumbui mtu.

Nina hoteli ndogo. Mboji tunayotengeneza inanuka kama mayai mabovu. (Malindi)

Maji ni mengi, hewa ni kidogo. Kwa kila ndoo ya makombo tia ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani makavu, vumbi la mbao isiyopakwa rangi wala dawa, katoni iliyochanwa. Kamata konzi moja uikamue. Ikitona tone moja mbili, sawa. Ikimwagika, ongeza vikavu. Harufu kali kama ya mkojo yataka vikavu pia.

Rundo liwe la mita moja kila upande, kwani dogo halishiki joto. Likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku tatu au zaidi, vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu hufa. Geuza kila wiki, za nje ziingie ndani. Samaki na nyama vitavuta panya; wape wanaofuga funza wa nzi kwa chakula cha kuku. Vifuu vya nazi viwe kuni jikoni, mbojini havitaoza leo wala kesho.

Mafuta ya kukaangia usiyamwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yachuje, yatie mtungini. Wapo wanaoyanunua kwa sabuni na biodizeli, lakini muulize anayapeleka wapi. Kuna wanaoyarudisha jikoni.

Betri ya gari nimpe mwenye vyuma vikuukuu? (Kilifi)

Tu ikiwa anaipeleka nzima kwa aliye na leseni. Usiipasue wala kumwaga asidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na Mombasa inajua risasi ikoje: kiwanda cha kuyeyushia betri kando ya mtaa wa Owino Uhuru kiliwatia watu sumu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani ukinunua mpya. Anza hapo.

Kioo cha dirisha kiende na chupa za bia? (Nyali)

Hapana. Huyeyuka tofauti na chupa. Wala sahani za udongo.