Kabla hujamfikia mgonjwa: kwa mnaoanza kazi ya dharura za afya ya akili mitaani Moshi

Simu inayotutoa kituoni ni nadra kupigwa na mgonjwa mwenyewe. Atapiga dada yake, mpangaji wa chumba cha pili, mwenyekiti wa mtaa, au bodaboda aliyepita akakuta watu wamejaa. Kwa hiyo kila anayejiunga nasi, awe muuguzi, afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, namweleza jambo hili siku ya kwanza: utakayoikuta ni dharura ya watu wengi, na mgonjwa ni mmoja wao. Chuoni mmefundishwa kumtuliza mgonjwa. Huku, usipowatuliza kwanza waliomzunguka, hutapata hata nafasi ya kumsikia.

Kazi inaanzia kwenye simu. Uliza yuko wapi sasa hivi, ameshika nini, nani yuko naye, amekula au kunywa nini, ana homa, amefungwa kamba. Kama ni mwanamke, uliza amejifungua lini. Halafu uliza swali ambalo wageni hulisahau: ni nani ambaye mgonjwa bado anamsikiliza? Huyo aambiwe asiondoke. Mara nyingi si mzazi, maana mzazi ndiye waliyegombana naye tangu asubuhi. Atakuwa shangazi, fundi mwenzake gereji, au mtoto wa jirani. Omba pia mtu mmoja asimame barabarani awasubiri. Pasua au Njoro gari litafika mlangoni, lakini ukipanda Kibosho au Old Moshi utaliacha barabarani na kushuka kwa miguu katikati ya migomba, na nyumba zote huko zitakuwa "pale kwa Mangi, ulizia".

Ukifika, usimkimbilie mgonjwa hata kama kelele ni kubwa. Kama hakuna anayeumizwa dakika ile, salimia. Mtafute aliyepiga simu, kisha mtafute mkubwa wa nyumba. Kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, huwezi kumruka mzee wa familia ukategemea ushirikiano. Atakaa kimya kwenye kiti chake, na kila utakaloagiza litakwama. Mpe heshima yake, mweleze umekuja kufanya nini, mwombe ruhusa. Dakika tatu hizo zinaokoa saa nzima.

Baada ya hapo wagawie watu kazi. Ukiwaambia "tawanyikeni" hawatatawanyika. Mwambie mmoja awapeleke watoto kwa jirani, mwingine alete maji ya kunywa, wawili wakae njiani wasiruhusu wengine kuingia. Vijana wanaorekodi kwa simu waombe waache, na ni vizuri ombi hilo litoke kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti, kwa sababu wewe watu hawakujui na yeye wanamjua. Video ya mtu akiwa uchi uwanjani inabaki mitandaoni miaka mingi baada ya yeye kupona na kurudi kazini. Hili linaniuma sana. Naomba lisichukuliwe kama jambo dogo.

Kuna hali moja inayobadilisha mpangilio wote. Ukisikia mtu ameshaitwa "mwizi", basi hatari kubwa kwa mgonjwa ni kundi la watu. Mtu aliyechanganyikiwa huingia nyumba isiyo yake, huchukua kitu mezani sokoni Mbuyuni na kuondoka nacho, hukimbia anapoitwa. Anayemwona anaona mwizi. Hapo piga 112 na polisi kata huku mkiwa njiani, mtafute mwenyekiti wa mtaa kwa simu, na mkifika mjipange kati ya kundi na mgonjwa pamoja na watu wa pale pale wanaoheshimika. Useme kwa sauti, mara nyingi, kwamba huyu ni mgonjwa na familia yake inajulikana. Polisi tunawahitaji pia pale penye panga au shoka. Kwa mengine waombe wakae pembeni, pingu zisionekane.

Sasa mgonjwa. Azungumze mtu mmoja tu kwenye timu. Simama kwa upande, mbali kiasi cha kutofikiwa na mkono, na usizibe mlango. Nyote wawili muwe na pa kutokea. Mwite kwa jina alilozoea: kama mtaa mzima unamwita Baba Junia, usimsomee majina matatu ya kwenye kadi ya kliniki. Na kama amekuzidi umri, mwamkie. Mpe shikamoo hata kama yuko kifua wazi na amekesha siku mbili akihubiri. Wengi watajibu "marahaba" katikati ya maneno yasiyoeleweka, na jibu hilo ni kipimo: amekuona, anajua nafasi yake na yako, kuna mlango wa kuingilia. Asipojibu kabisa, au akakutazama bila kukuona, fikiria mwili wake kabla ya akili yake.

Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, na usijifanye unazisikia. Mwambie, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa." Usimdanganye anakopelekwa. Familia hupenda kusema, "Tunaenda kwa shangazi Himo," kisha gari linaingia hospitali. Safari ile mtafanikiwa. Itakayofuata hatapanda gari la mtu yeyote.

Kuhusu mwili naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia mikononi mwetu. Si kila anayeropoka ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, kichwa kilichogongwa kwenye ajali ya bodaboda siku chache nyuma, vyote vinaweza kumfanya mtu mtulivu apige kelele na kuvua nguo. Ndani ya mkoba viwepo kipimajoto, mashine ya presha, kipimo cha sukari na kipimo cha haraka cha malaria. Sukari ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, tatizo la kwanza umeshalipata. Ugonjwa ulioanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa mtu mzima asiye na historia, unaopungua asubuhi na kuzidi usiku, huku akiona vitu kuliko kusikia sauti: hapo peleka hospitali ukiwa na wasiwasi wa mwili, na uandike hivyo kwenye rufaa, wasije wakamweka kando mapokezi kwa sababu "ni wa akili".

Pombe ndiyo itakayowapa kazi nyingi zaidi huku kwetu. Mbege ya ndizi na ulezi ni kinywaji cha sherehe na mila, wala siisemi vibaya. Ninachokutana nacho kwenye dharura ni gongo na pombe kali za bei ya chini zinazonywewa kila siku tangu asubuhi. Na hatari mnayopaswa kuijua haiji akiwa amelewa. Inakuja ameacha. Mtu aliyekuwa akinywa kila siku akakatisha ghafla, kwa kuishiwa fedha, kwa kulazwa na mguu uliovunjika, au kwa kuwa ameokoka Jumapili, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kutetemeka mwili mzima, kutoka jasho jingi na kuanza kuwafukuza wadudu ukutani. Familia itasema mapepo yanatoka. Hali hii inaua. Anahitaji wodi, vitamini B1 na dawa za kutuliza zinazotolewa kwa mpangilio, na anahitaji leo. Mwisho wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, kunywa kunaongezeka na mizozo ya mipaka ya kihamba inafufuka. Januari inapoingia na fedha zimekwisha, simu za namna hii zinafuatana. Mpange zamu mkijua hivyo.

Mama mzazi naye ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ugonjwa mkali wa akili baada ya kujifungua huanza mara nyingi ndani ya wiki mbili: hapati usingizi kabisa, anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, mara anacheka mara analia. Kwa desturi yetu mama anakaa ndani, analetewa mtori na mlaso, wageni hawaruhusiwi ovyo. Ni desturi nzuri inayomlinda, lakini inaweza pia kuuficha ugonjwa mpaka umekomaa. Mtoto asiachwe peke yake na mama hata kwa dakika chache, na mama asinyang'anywe mtoto kwa nguvu. Mkwe au dada akae nao na wasafiri wote pamoja.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi huvuta pumzi kwa nafuu kwamba mtu amelitaja. Ila chagua mahali. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia zinalijua hilo, ndiyo maana utaambiwa "alikunywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya". Usimuulize mbele ya balozi na askari. Tafuta kona, kaa chini, uliza kwa sauti ya kawaida. Kama amekunywa sumu ya wadudu, maongezi yasubiri: vaa glovu, mvue nguo zilizolowa, usimtapishe, usimpe maziwa hata kama bibi ameshayachemsha, mlaze ubavu wa kushoto na muondoke. Bebeni na kopo la dawa ili daktari alisome. Kwa aliyefikiria tu, kaa na familia mkubaliane sumu za shambani zitoke nyumbani leo, zikafungiwe kwa ndugu mwingine. Kuna nyumba nyingi za wakulima wa kahawa na mboga ambako dawa hizo zinakaa chini ya kitanda. Kuziondoa ni jambo dogo linalookoa uhai.

Mara kwa mara mtamkuta mgonjwa amefungwa kamba. Msianze kwa kuwakemea ndugu. Wamekesha, wengine wamepigwa, hawakujua njia nyingine. Angalia vidole kama vimevimba au vimepoa, legeza kamba moja baada ya nyingine mkiwa tayari mmezungumza naye. Asilazwe kifudifudi watu wakamkalia mgongoni, hata kwa dakika mbili, maana anakosa hewa na utulivu unaouona unaweza kuwa ni kuzimia. Sindano ni ya mwisho, kwa agizo la mwenye mamlaka ya kuiagiza, na ukishaichoma hesabu pumzi zake njia nzima.

Familia ikisema "mchome alale", waeleze mapema kitu kimoja. Baada ya sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza, baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wa kiume, hupinda shingo, macho yakageukia juu, taya likakaza. Inatisha. Asiyeambiwa ataamini ama mapepo yamerudi ama hospitali imemwekea sumu mwanawe, na dawa zitaishia chooni. Aliyeambiwa atamrudisha hospitali, apewe benzhexoli au promethazini, na shingo inyooke haraka. Sentensi mbili ulizozisema uwanjani ndizo zinazoamua kama mgonjwa ataendelea na tiba mwezi ujao.

Wengi mtawakuta wameshapita kwa mganga au kwenye maombi. Sijaona faida ya kupigana na mchungaji. Nimeona faida kubwa ya kumwomba aendelee kuomba na amsisitizie muumini wake ameze vidonge. Pale tu anapozuia chakula, anapopiga au kufunga minyororo, ndipo tunasimama imara na kumhusisha ustawi wa jamii.

Usafiri: namba 115 ya m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, msiitegemee kwa wengine. Gari letu likiwa mbali, bajaji yenye ndugu wawili pembeni ni bora kuliko bodaboda, ambayo mgonjwa anaweza kuruka. Mfike na rufaa iliyoandikwa vizuri, hospitali ya Mawenzi au KCMC, na kama kuna jeraha la kupigwa fuatilieni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 450. Ndugu wanaoitaja kwa haraka wakumbusheni kwamba mgonjwa aliye mbali hatembelewi.

Ninyi wenyewe msirudi nyumbani kimya mkimpoteza mtu. Kaeni kituoni, semeni, hata kama zamu imekwisha. Na asiende mtu peke yake kwenye simu inayofuata.

Kazi ambayo wageni huiona si dharura ni kurudi. Siku chache baada ya kuruhusiwa, nendeni bila kelele, gari likae mbali na nyumba. Angalieni dawa zimebaki ngapi na nani anazitunza. Kisha, mgonjwa akiwa ametulia, mwulizeni yeye mwenyewe: ikitokea tena, nani aitwe kwanza, maneno gani yanamwasha, dawa gani ilimsumbua, watoto wakae kwa nani, mbuzi alishwe na nani. Majibu yatawashangaza. Baba mmoja wa Rau alitaka jambo moja tu, wanawe wasimwone amefungwa. Andikeni kwa maneno yake, si yetu. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa mtu aliyemchagua, moja kwenye faili, na anayeingia zamu aisome faili hiyo kabla dereva hajawasha gari.