Uliza Daktari: Kipimo cha Homa ya Ini B Kikisema Unayo

Swali: Daktari, nilichangia damu hapa Kisumu, kisha nikapigiwa simu kuambiwa nina homa ya ini aina ya B. Siumwi popote. Jirani ameniletea mizizi ya kuchemsha. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Nifanyeje? (Msomaji, Kondele)

Jibu: Pole, ndugu. Mizizi hiyo iache. Zipo dawa za miti shamba zinazoliumiza ini lenyewe, na hakuna hata moja iliyothibitishwa kuondoa kirusi hiki.

Kilichoonekana kwenye damu yako kinaitwa HBsAg, sehemu ya ganda la kirusi. Kinaonyesha kirusi kimo mwilini, wala hakisemi ini limeumia kiasi gani. Kikiendelea kuonekana kwa zaidi ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu. Na kutoumwa kusikutulize sana, kwani ini huweza kuota makovu miaka mingi bila dalili.

Omba vipimo vya AST na ALT (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia), platileti (chembe zinazogandisha damu), figo, VVU na ultrasaundi ya ini. Wingi wa virusi upimwe pia ikiwezekana. Cha VVU usikiruke kamwe: tenofovia, dawa ya homa ya ini B, ikitumiwa peke yake na mwenye VVU, virusi hivyo huzoea dawa na matibabu ya baadaye huharibika.

Majibu yakitoka, kuna hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe. Gawanya AST yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa idadi ya platileti iliyoandikwa kwa maelfu. AST ikiwa 48, kiwango cha juu 40 na platileti 200, utapata 0.6. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, mtu mzima anayezidi 0.5 anastahili kuanza dawa. Zipo sababu nyingine pia, kama virusi kuzidi 2,000 (IU kwa mililita) huku ALT ikiwa juu, kwa hiyo nenda na karatasi zote kwa daktari. Dawa yenyewe ni tenofovia miligramu 300, kidonge kimoja kila siku. Hukandamiza kirusi, mara chache sana hukimaliza. Ndiyo maana anayeiacha ghafla kwa kuona amepona huweza kurudiwa na ugonjwa kwa kishindo, hata ini likashindwa kazi.

Mkeo apimwe wiki hii. Akiwa hana kirusi wala kinga, achanjwe: dozi ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Chanjo hii ni salama kwa mjamzito. Tumieni kondomu hadi akamilishe. Akiwa nacho, amwone daktari kuhusu tenofovia kabla ya kujifungua, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Msingoje chanjo ya wiki ya 6, kwa sababu takribani watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na ugonjwa sugu. Ulizeni mapema kama hospitali mtakayojifungulia ina dozi hiyo ya kuzaliwa. Si kila mahali huwekwa. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Sahani na vikombe tumieni pamoja. Wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na chake, kwani kirusi huweza kuishi siku 7 nje ya mwili.

Swali: Mahindi yetu yalinyeshewa. Tukitoa yenye kuvu na kupika sana, kuna ubaya? (Msomaji, Bungoma)

Jibu: Ubaya upo. Aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, haiondoki kwa kupika ugali, na punje safi kwa macho huweza kuwa nayo. Kwa mwenye homa ya ini B, sumu hii huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Yaliyoota kuvu msile wala msiwape kuku au ng'ombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa. Kwa mavuno yajayo, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka, yaanikeni tena.

Swali: Baba ana makovu ya ini na tumbo limejaa maji. Naweza kumpa kipande cha ini langu? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Inawezekana. Mtu mzima akimpa mtu mzima, mara nyingi hutolewa upande wa kulia, karibu asilimia 60 ya ini, na linalobaki hukua tena. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa wenye hatari kwako pia. Baba atameza dawa za kuzuia mwili kulikataa ini maisha yake yote, na kama chanzo ni homa ya ini B, dawa ya kirusi haitaachwa. Kabla ya familia kuuza shamba kwa ajili ya safari ya India, anzeni hapa nyumbani na vipimo vya bei nafuu: kundi lako la damu lioane na la baba, HBsAg yako isiwepo, na ultrasaundi ionyeshe ini lako halina mafuta mengi. Wengi hukwama hapo.