Viungo Tele, Pilau Hakuna

Juzi baada ya isha nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Wete. "Assalam alaykum dada. Nataka kuwa mtengeneza tovuti kama wewe. Nitumie viungo vyote vya kujifunzia, na vya kupata mawazo ya dizaini. Vyote dada." Nikacheka peke yangu. Kwanza kwa sababu huku kwetu mtu akisikia viungo anafikiria mdalasini na hiliki kabla hajafikiria intaneti. Pili kwa sababu na mie nilikuwa hivyohivyo.

Viungo ninavyo, mdogo wangu. Nilikuwa navyo mia nne na kitu, nimevipanga ndani ya brauza kwa mafungu: CSS (lugha ya kuuvisha ukurasa), JavaScript (lugha ya kuutia mwendo), Dizaini Nzuri, Nitasoma Baadaye. Hilo fungu la mwisho lilishinda yote kwa ukubwa. Juu ya hivyo nilikuwa na diski imejaa video za mafunzo nilizonakili kwa jamaa mmoja Darajani, kozi nzima nzima, ambazo nyingi sikuzifungua hata dakika kumi. Kila nikipata kiungo kipya naona nimesoma. Kumbe nilikuwa kama mtu aliyejaza kabati bizari, karafuu na pilipili manga na hajateleka chungu hata siku moja.

Tena wakati huo nilikuwa nishajiita mtaalamu, na kadi za jina nimechapisha.

Miaka minne iliyopita nikapata kazi ya hoteli ndogo upande wa Jambiani. Mwenyewe ni mzee wa heshima, alinijua kupitia mjomba wangu. Tukapatana bei, akanipa nusu palepale, nami nikaitia yote kwenye laptopu ya mkononi mwa mtu. Nikaingia Awwwards, pale ambapo tovuti za dunia nzima hushindanishwa na kupewa tuzo, nikachagua moja iliyonitoa udenda, nikaiiga kitu kwa kitu. Video ya mawimbi skrini nzima. Maandishi membamba ya kijivu juu ya nyeupe. Picha zinazoelea ukiteremka. Wiki tano nimeinama, mama ananipitia na kuniuliza nafanya nini, namwambia naandika kodi, maana yangu zile amri za kompyuta. Muda wote ule yeye akijua nimeajiriwa kukusanya kodi za nyumba.

Ilipokwisha nikamwita aone. Akatazama, akasema, "Mawimbi haya si yetu." Kweli, video niliitoa bure mtandaoni, pwani ambayo haina hata mnazi mmoja. Nikaona mama hajui mambo.

Siku ya kuonesha nikapanda daladala, roho juu. Mzee alikuwa kakaa barazani kwake, buli la kahawa mbele, simu yake imepasuka pembe moja. Akanipa. "Niandikie humo nione." Nikaandika anwani, nikamrudishia. Ukurasa mweupe. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Mzee anatazama simu, mie namtazama mzee. Akanimiminia kahawa, kiduara kinazunguka. Nikasema mtandao leo mbaya. Akanijibu taratibu, bila ya ukali, "Mtandao wa hapa ndio huu, mwanangu. Na dereva anayeniletea mgeni usiku anatafuta namba yangu kwa simu kama hii."

Mwisho ukafunguka. Jua la saa tano linapiga, kijivu changu hakionekani hata kidogo. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Namba ya simu iko wapi?" Ilikuwa chini kabisa, baada ya mawimbi, baada ya picha zinazoelea, kwa herufi ndogo kuliko zote. Akailaza simu kifudifudi juu ya jamvi, tukazungumza mambo ya mjomba.

Nusu ya pili sikuipata. Kazi akapewa kijana mwengine, na picha zangu zikenda naye, picha nilizopiga kwa siku tatu nimesimama majini mpaka magotini. Tovuti yangu ilikuwa mbovu, hilo nakubali. La picha sijalikubali mpaka leo, na kila nikipita njia ya Jambiani hunijia.

Nilikaa miezi miwili sigusi laptopu. Kisha usiku mmoja nikafuta vile viungo vyote. Kimoja tu nilikibakisha: MDN, ile tovuti ya kumbukumbu za HTML (mwili wenyewe wa ukurasa), CSS na JavaScript iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Wengi mnaijua W3Schools, tovuti ya mafunzo ya kule Norway, iliyoanza 1998, na mnadhani kwa jina lake kuwa ndiyo W3C, taasisi yenyewe inayoandika kanuni za wavuti. Siyo. Haina ubaya, ni nyepesi, ina pahala pa kujaribia papo hapo, nami nilianzia huko. Lakini W3Schools itakuonesha kitu kinavyoandikwa, MDN itakueleza kwa nini kimekukatalia.

Kiingereza cha MDN kilinitoa jasho. Nikanunua daftari la kurasa 96 kama la mtoto wa skuli, kila neno nikaliandikia kwangu. Kwa mfano, CSS ina mambo ya kurithi, ambayo nimesoma kwa Kiingereza mara nne sikuyaelewa, mpaka nilipoyaandika kama mirathi. Mtoto ni kipande cha ukurasa kilichomo ndani ya chengine, na hicho chengine ndiye mzazi. Rangi ya maandishi na aina ya herufi, mtoto hurithi kutoka kwa mzazi wake. Mstari wa mpaka na nafasi ya pembeni harithi, kila mmoja ana zake. Basi, sijasahau tena. Daftari lile ninalo, na kama kuna kitu kimoja ninachoweza kukiita mwalimu wangu ni hilo, maana kurasa zake zote nilizijaza kwa mkono.

Kuhusu bando, msinilalamikie. Ipo DevDocs, inakusanya kumbukumbu hizohizo na unaweza kuzihifadhi ndani ya brauza ukazisoma bila ya mtandao. Nilikuwa nazipakua kwa mtandao wa jirani, kwa idhini yake, nikisomea nyumbani. Anayetaka kushikwa mkono hatua kwa hatua ipo freeCodeCamp, tangu 2014, bure mpaka cheti. Mie nilimaliza sehemu ya mwanzo, nyengine nikaacha. The Odin Project nayo ni bure na ngumu zaidi. Chagua moja. Nasema moja. Na ule mchezo wa vyura, Flexbox Froggy, ngazi 24 za kupanga vyura juu ya majani yao kwa CSS. Nilivuka zote usiku mmoja na mdogo wangu wa miaka kumi na moja, yeye akanipita kwenye ngazi ya 19.

Halafu nikairudia tovuti ya mzee kama mtu anayefungua kidonda. Kwenye Chrome ukibonyeza F12, upande wa Network, unaweza kuigiza mtandao wa 3G ukaona anachokiona mtu wa Jambiani. Ukurasa wangu ulikuwa na uzito wa megabaiti 38. Thelathini na nane! Picha moja megabaiti nne, kama ilivyotoka kwenye kamera. Nikazipunguza upana mpaka pikseli 1200, nikazigeuza WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, kila moja ikashuka chini ya kilobaiti 200, na kwa macho sikuona tofauti. Kijivu changu nacho nikakipima. Kanuni za WCAG, zile za kuhakikisha kila mtu anaweza kuitumia tovuti, zinataka maandishi ya kawaida yapishane mwangaza na usuli wake kwa 4.5 kwa 1 angalau. Kile kijivu, ambacho kwa namba ya rangi ni #999, juu ya nyeupe kinapata 2.85. Mzee hakuwa na matatizo ya macho.

Sasa kuhusu mawazo ya dizaini. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kijana wa Unguja au Pemba anakesha Dribbble na Behance, wanakooneshana kazi wabunifu wa dunia, asubuhi anamfanyia muuza samaki wa Malindi tovuti kama ya benki ya Uswizi. Au anakwenda upande wa pili: mlango wa Mji Mkongwe, jahazi, machweo. Kila tovuti ya kisiwa hiki ina mlango. Hata ya fundi wa majokofu niliikuta na mlango.

Mimi nilichokipata nilikipata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama kaanika doti mbili za kanga, upepo unazipeperusha, nami nimekaa nafikiria ukurasa wa sabuni za mwani za bibi mmoja wa Paje, kazi yangu ya kwanza baada ya aibu ile. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka pande zote na linakwambia hiki kitu kinaishia wapi. Mji ndio uwanja wa picha. Jina limekaa ndani ya kisanduku chake chini ya mji, limezungukwa na nafasi, kiasi kwamba ukimfuata mwanamke njiani unalisoma bila ya kutaka. Zile za zamani jina lilikuwa kwa herufi za Kiarabu, na mpangilio ni uleule. Tena anaivaa mnene, anaivaa mwembamba, anajifunga kichwani, anabebea mtoto, na kanga haijabadilika. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoandika kuhusu kurasa zinazojikunja kufuata skrini, dunia nzima ikashangaa. Mama hakushangaa.

Nikamuuliza, "Mama, nataka kutia majina mawili, moja la bei na moja la kupiga simu." Akasema, huku anabana vibanio, "Kanga ya majina mawili nani atainunua?"

Basi ukurasa wa yule bibi una jina moja: kitufe cha WhatsApp, kikubwa, rangi nzito, nafasi imekizunguka. Picha tatu za sabuni, pindo jembamba la kijani. Wote pamoja hauzidi kilobaiti 600. Anayetaka kuona jinsi mavazi yanavyoweza kubadilika na mwili usiguswe aitazame CSS Zen Garden ya Dave Shea, ya tangu 2003: HTML ni ileile, CSS tu ndiyo inayobadilishwa, na kila ukurasa unaonekana mwengine kabisa. Hicho ni kiungo kimoja cha mawazo ninachokipa watu bila ya kusita, pamoja na kamba ya nguo ya mama yako.

Yule bibi alinilipa yote siku ileile, na kipande cha sabuni juu yake. Sasa nina wateja wa kudumu tisa, na sijaweka tangazo pahala popote. Nasema haya si kujisifu. Au najisifu kidogo, nimeyatolea jasho.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Wete, hivyo ulivyovisoma hapa ndivyo viungo vyenyewe, na bado ni vingi, futa nusu. Vijana mmekuwa wakusanyaji. Mnatumiana linki kwenye makundi usiku kucha, "hazina hii kaka", "hifadhi hii dada", na ukimuuliza mtu akuoneshe ukurasa mmoja alioutengeneza mwenyewe anakwambia laptopu iko kwa fundi. Chukua duka la jirani yako, hata la chapati, ulifanyie ukurasa mmoja. Uufungue kwa simu mbovu kuliko zote nyumbani, nje, juani. Kisha niletee mie huo ukurasa, usiniletee maombi ya viungo.

Na kama unajiuliza iwapo yule mzee wa hoteli tulipatana baadaye: hatujawahi kuonana tena. Wiki iliyopita niliifungua tovuti yake mpya nikiwa ndani ya daladala. Ilichukua muda. Picha zangu bado zimo zote, megabaiti nne kila moja, hakuna aliyezipunguza.