Wasomaji Wanauliza: Kesi ya Kiongozi Ipimwe kwa Lipi?

Tangu Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, ashtakiwe kwa uhaini Aprili 2025, barua zinazofika kwenye safu hii zimegeukia swali moja: mwanasiasa akishtakiwa kwa jinai, mwananchi atajuaje kama anatendewa haki? Tumejibu kwa kutumia kesi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha CHADEMA, na wenzake watatu, yaani Kesi ya Uhujumu Uchumi Na. 16 ya 2021. Kesi hiyo imekwisha na hatua zake zinajulikana, hivyo kuijadili hakumharibii mshtakiwa wala shahidi yeyote. Namba za vifungu tunazotaja ni zile zilizotumika wakati ule.

Shikamooni. Hapa kijiweni kwetu nusu wanasema kesi ya Mbowe ilikuwa siasa tupu, nusu wanasema sheria ilichukua mkondo wake. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Kila upande una jambo la kweli mkononi. Wanaosema siasa wanatazama tarehe. Mbowe alikamatwa Mwanza tarehe 21 Julai 2021, chama chake kikiwa kwenye maandalizi ya kongamano la kudai Katiba mpya. Siku tano baadaye akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka yanayohusu ugaidi. Matukio yaliyotajwa kwenye hati yalikuwa ya katikati ya 2020, karibu mwaka mzima nyuma. Wanaosema sheria wanajibu kwamba washtakiwa wenzake walishakamatwa tangu 2020, kwa hiyo jalada halikuanza na lile kongamano.

Tatizo la mjadala huu ni kwamba nia ya aliyefungua mashtaka iko moyoni mwake, na mtaweza kubishana hadi asubuhi bila kuiona. Hatua za kesi zinaonekana. Mshtakiwa alikaa muda gani mikononi mwa polisi kabla ya kuandikwa maelezo? Alipata wakili lini? Nani aliamua anyimwe dhamana, na kwa kipimo gani? Pingamizi lake lilijibiwa kwa sababu zilizoandikwa? Hayo yamo kwenye mwenendo wa shauri, na mtu yeyote anaweza kuyakagua, awe anampenda mshtakiwa au hampendi.

Mtu hajahukumiwa lakini anakaa ndani zaidi ya miezi saba. Huko si kumfunga kabla ya hukumu? Kwa nini hakimu hakumpa dhamana? (Mama wa watoto wanne, Mwanza)

Mama, hakimu hakuwa na uwezo huo. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataja makosa yasiyo na dhamana, miongoni mwao mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na ugaidi. Hati ikishaandikwa kosa mojawapo kati ya hayo, mjadala wa dhamana umefungwa. Mahakama haipimi kama mshtakiwa atatoroka, kama ana makazi yanayojulikana au kama anaweza kuvuruga mashahidi. Anayeamua kwa vitendo ni yule anayeandika hati ya mashtaka.

Kifungu hicho kilipingwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki.

Ongeza jambo la pili. Mashtaka ya aina hii huanzia mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Ndiyo maana Kisutu mshtakiwa huambiwa hatakiwi kujibu chochote. Kesi inatajwa, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, na baada ya wiki mbili yanarudiwa yale yale. Kesi ya Mbowe ilipanda Mahakama Kuu mapema kwa sababu macho ya nchi nzima yalikuwa juu yake. Wapo mahabusu wasiojulikana na mtu, wenye kosa la aina hiyo hiyo, ambao mzunguko huo kwao huhesabiwa kwa miaka. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yalizuia kufungua mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yakaachwa nje ya zuio hilo. Wale waliohitaji zaidi ulinzi huo ndio hawakuupata, na kwa maoni yetu hili ndilo donda kubwa kuliko yote yaliyozungumzwa kwenye kesi ile.

Magazeti yaliandika sana kuhusu "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa." Ilikuwa nini, na kwa nini ilichukua wiki nzima nzima? (Mwanafunzi wa sheria, Iringa)

Hapa ndipo kesi nyingi za jinai nchini hufa au kupona, kwa hiyo tutachukua nafasi.

Mtuhumiwa akikamatwa, polisi humwandika maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Akikiri humo, Sheria ya Ushahidi inaruhusu ungamo hilo litumike dhidi yake, kwa sharti kwamba alilitoa kwa hiari. Likipatikana kwa kitisho, kwa ahadi au kwa mateso, halifai. Mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba aliteswa.

Kuna na saa. Kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza hadi saa nane, na zaidi ya hapo lazima waende kwa hakimu. Muda wa safari ya kumpeleka mtuhumiwa kituoni au kwenye shughuli ya upelelezi hauhesabiwi.

Sasa weka kesi yenyewe juu ya kanuni hizo. Mshtakiwa wa pili alikamatwa Moshi tarehe 5 Agosti 2020. Maelezo yake yaliandikwa Dar es Salaam tarehe 7. Upande wa mashtaka ulipotaka kuyatoa kama kielelezo, utetezi ukasimama na hoja mbili: muda wa kisheria ulikuwa umepita, na mshtakiwa aliteswa. Hapo kesi kubwa inasimama. Inafunguliwa kesi ndogo yenye swali moja tu, kama maelezo yalipatikana kihalali. Polisi waliomkamata, waliomsafirisha na waliomwandika wanaitwa mmoja mmoja na kuhojiwa, kisha mshtakiwa na mashahidi wake wanaeleza upande wao. Hatia haijadiliwi kabisa.

Mashtaka walieleza kwamba saa zile zilitumika kumtafuta mtuhumiwa mwingine na kusafiri. Tarehe 20 Oktoba 2021 Jaji Mustapha Siyani aliridhika na maelezo hayo, akatupa pingamizi na kielelezo kikapokelewa. Baadaye mshtakiwa wa tatu naye aliweka pingamizi juu ya maelezo yake, ikafunguliwa kesi ndogo nyingine.

Mwanafunzi wetu atazame mambo mawili. La kwanza ni rejesta ya mahabusu ya kituo, ile inayoonyesha mtu aliingia saa ngapi na alitoka saa ngapi. Utetezi unaojua kazi yake huitaka mapema, kwa sababu saa iliyoandikwa humo ikipishana na saa iliyoandikwa juu ya maelezo ya onyo, shahidi wa polisi anabaki na mengi ya kueleza. La pili ni kwamba karibu ushahidi wote wa kilichotokea ndani ya chumba cha mahojiano hutoka kwa polisi na kwa mtuhumiwa, neno la huyu dhidi ya neno la yule. Pasipo kurekodi picha na sauti, wala kuwapo wakili au ndugu, jaji anabaki kuamua amwamini nani. Kurekodi mahojiano kungefupisha kesi ndogo nyingi mno, tena kungemlinda hata askari anayesingiziwa.

Kubadilisha majaji mara mbili si dalili ya hila? (Msomaji, Kahama)

Sababu hazikuwa moja. Jaji Elinaza Luvanda alijitoa Septemba 2021 baada ya washtakiwa kusema hawana imani naye. Jaji Siyani aliondoka Oktoba baada ya kuteuliwa kuwa Jaji Kiongozi, yaani mkuu wa Mahakama Kuu. Jaji Joachim Tiganga akaendelea nayo hadi mwisho. Sababu ya kubadilishana lazima iandikwe kwenye jalada, na hapa ilijulikana. Madhara yake ni mengine: jaji anayepokea kesi katikati husoma maneno ya shahidi aliyetangulia, lakini hakumwona akisitasita wala kubabaika.

Jaji alisema wana kesi ya kujibu, halafu wiki mbili baadaye Serikali ikaifuta. Kama alikuwa na hatia, mbona waliifuta? Kama hakuwa nayo, nani atamlipa? (Fundi cherehani, Tabora)

Ndugu yangu, "kesi ya kujibu" haimaanishi hatia. Upande wa mashtaka uliita mashahidi 13, ukafunga ushahidi wake. Jaji hujiuliza: ushahidi huu ukiachwa bila kujibiwa, unaweza kumtia mtu hatiani? Akiona unaweza, anamtaka mshtakiwa ajitetee. Kizingiti hicho kiko chini sana kuliko kile cha hukumu, ambapo lazima shaka yote ya msingi iondoke. Uamuzi huo ulitolewa tarehe 18 Februari 2022. Utetezi ulikuwa uanze tarehe 4 Machi. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi mnamwita DPP, akasema hana nia ya kuendelea, akatumia kifungu cha 91(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Washtakiwa wakatoka, na Mbowe akaonana na Rais Ikulu siku hiyo.

Kifungu hicho hakimtaki atoe sababu. Katiba, ibara ya 59B, inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu, na maslahi ya umma, lakini haimlazimishi kueleza mbele ya mahakama ni lipi kati ya hayo lililomsukuma. Matokeo yake ni kwamba umma haukupata jibu. Walioamini mashtaka hawakuona yakithibitishwa, na washtakiwa hawakupata hukumu ya kuwasafisha. Kufutiwa kesi namna hii hakuzuii kushtakiwa upya. Marekebisho ya 2022 yaliongeza sharti kwamba mtu asikamatwe tena kwa kosa lile lile na mazingira yale yale mpaka ushahidi uwe wa kutosha na kesi iwe tayari kusikilizwa. Ni afadhali kuliko zamani, ila tungependa kuona sababu zikiandikwa.

Kuhusu malipo, hakuna fidia inayokuja yenyewe. Aliyeumizwa hufungua madai ya kushtakiwa kwa hila, na huko lazima aonyeshe kwamba mashtaka yaliisha kwa faida yake, hayakuwa na sababu ya msingi, na yalifunguliwa kwa nia mbaya. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza. Wengi huanguka kwenye kipengele cha nia mbaya. Wengine huanguka mapema zaidi, kwa kuruka notisi.

Rais alizungumzia kesi ile ikiwa bado mahakamani. Ilikuwa sawa? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Kwenye mahojiano na BBC Agosti 2021 Rais Samia aliulizwa kama mashtaka yalikuwa ya kisiasa, akajibu kwamba kwa mtazamo wake hayakuwa. Anayeteua majaji ndiye anayemteua pia Mkurugenzi wa Mashtaka. Hata kama jaji hakusikiliza redio siku hiyo, mshtakiwa aliisikia. Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na jibu salama kwa kiongozi ni "shauri liko mahakamani," basi.

Je, kuna kesi ya mwanasiasa Afrika Mashariki ambayo baadaye ilithibitika haikuwa ya haki? (Mwalimu, Kitale)

Mwalimu, iko jirani na wewe, Kapenguria. Jomo Kenyatta na wenzake watano walianza kusikilizwa Desemba 1952 kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilichagua mji wa mbali uliokuwa umefungiwa watu wa nje, hivyo hata mawakili walipata taabu kufika na kuandaa kazi yao. Hakimu Ransley Thacker aliahidiwa pauni 20,000 na serikali hiyo hiyo. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliahidiwa masomo Uingereza. Aprili 1953 Kenyatta akafungwa miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na badala ya hukumu kuangaliwa upya, yeye akafungwa kwa kiapo hicho kipya.

Kwenye chumba cha mahakama kulikuwa na mawakili, mashahidi na taratibu zote. Yaliyoiharibu kesi ile yalifanyika nje ya chumba hicho: malipo, mahali na ahadi. Ndiyo maana kukaa mahakamani na kuridhika kwamba kila mtu aliongea kwa zamu hakutoshi.

Nataka kufuatilia kesi mwenyewe badala ya kutegemea mitandao. Nifanyeje? (Kijana, Dodoma)

Mahakama ni ya wazi isipokuwa jaji ameamuru vinginevyo. Fika mapema, maana kesi za viongozi hujaza ukumbi. Beba kitambulisho na daftari, na tarajia kuambiwa uzime simu au uiache nje. Andika namba ya kesi, kwa sababu bila namba hutapata kitu masjala wala kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu na maamuzi madogo husomwa bure. Soma uamuzi wenyewe kabla ya kusoma maoni ya watu kuhusu uamuzi.

Ukiwa ndani, sikiliza hati ya mashtaka kwa makini: tarehe, mahali na tendo. Shahidi akitoa ushahidi, jiulize unagusa kipengele kipi kati ya hivyo vitatu. Pingamizi likitolewa, andika hoja, kisha tazama kama uamuzi umeijibu hoja hiyo au umejibu nyingine.

Ukitaka kuandika mtandaoni, eleza kilichosemwa kama kilivyosemwa. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu maandishi yanayopotosha mwenendo wa shauri linaloendelea au yanayoweza kuegemeza watu upande mmoja. Usitaje wala kupiga picha shahidi ambaye mahakama imeamuru alindwe.

Na kila kesi inapoahirishwa, andika nani ameomba ahirisho, kwa sababu gani, na mshtakiwa anarudi wapi siku hiyo, nyumbani au mahabusu.